UZI: Kutoka samaki hadi sumaku. Leonty Magnitsky, mwalimu aliyewashikisha Warusi hesabu

Mwalimu wa Chaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, za jioni.

Juzi kwenye ule uzi wa matokeo ya hesabu mdau mmoja aliandika kwamba Warusi wanazaliwa na hesabu kwenye damu. Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kulikoni. Nilisoma Moscow miaka ya themanini. Kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi nilikuwa nashukia karibu kila Jumamosi. Wakati ule kiliitwa Kolkhoznaya, tangu 1990 kinaitwa Sukharevskaya. Ukipanda ngazi ukatokea juu unakuta barabara pana, magari, na bustani ndogo. Hamna cha ajabu. Lakini hapo ndipo uliposimama mnara wa Sukharev mpaka walipoubomoa 1934, na ndani ya mnara huo wanafunzi wa Kirusi walifundishwa kuzidisha na kugawanya huku wakitozwa faini na kuchapwa. Damu gani tena hiyo?

Leo nawaletea mtu aliyekuwa katikati ya habari hiyo, Leonty Filippovich Magnitsky. Mwalimu, mwandishi wa kitabu, halafu mkuu wa shule. Nitashusha kidogo kidogo, vidole vyangu siku hizi si vya kuandika kwa mpigo.

Alizaliwa Juni 1669 Ostashkov, mji wa wavuvi kando ya ziwa Seliger, kwa watu wa kawaida kabisa. Jina la Magnitsky hakuzaliwa nalo. Ukoo wake unatajwa kuwa Telyatin, neno linalotokana na ndama. Kusoma alijifunza mwenyewe, na huko ilikuwa jambo la kushangaza kwa kijana wa tabaka lake.

Sasa simulizi maarufu. Akiwa na miaka kama kumi na tano alitumwa na mkokoteni wa samaki kupeleka kwenye monasteri ya Volokolamsk. Samaki wakashushwa, wakahesabiwa. Watawa wakagundua kijana wa mkokoteni anasoma maandishi magumu bila kukwama. Hawakumrudisha, wakambakiza awe msomaji. Baadaye akapelekwa Moscow, akaishia kwenye Chuo cha Kislavoni-Kigiriki-Kilatini, chuo kikubwa kuliko vyote Urusi wakati ule.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Chuo kile hakikufundisha hesabu. Kigiriki kipo, Kilatini kipo, balagha ipo, hesabu hakuna. Hesabu alijifundisha mwenyewe, na kwa kuwa vitabu vya maana vilikuwa vya Wazungu wa magharibi, akajiongezea Kijerumani, Kiholanzi na Kiitaliano.

Naendelea baada ya kula.

Kandambili

Nimekaa paleee kwenye kigoda, kahawa na kashata mkononi. Mwalimu shusha.

Binti Jedwali

Shikamoo mwalimu. Hilo la samaki mbona nalijua kwa mtu mwingine? Si Lomonosov ndiye aliyekwenda Moscow na msafara wa samaki?

Mwalimu wa Chaki

Marahaba binti yangu. Umenipokonya tonge, lilikuwa la mwisho hilo. Ni kweli, Lomonosov naye mtoto wa mvuvi, kutoka kaskazini kabisa karibu na Kholmogory. Aliondoka Desemba 1730 na msafara wa samaki. Wote wawili samaki, wote wawili chuo kilekile. Tutamrudia, maana wanahusiana zaidi ya samaki.

Twende 1700. Tsar Peter, yaani mfalme wa Urusi, huyu wanayemwita Mkuu, ametoka kuzunguka Ulaya. Amekaa London 1698 akijifunza kuunda meli kwa mikono yake. Anataka jeshi la majini. Meli anaweza kuunda, mizinga anaweza kuyeyusha, lakini nani atapima jua na kujua meli iko wapi baharini? Hiyo inataka trigonometria, na trigonometria inataka mtu ajue kugawanya kwanza.

Akaletewa habari za Leonty. Wakazungumza. Tsar akapendezwa naye hata akambadilisha jina: kama sumaku inavyovuta chuma, huyu anavuta elimu na watu. Ndiyo maana ya Magnitsky. Kwa hiyo wakuu, kijana aliingia na samaki akatoka sumaku, na Kiswahili kimetupa mchezo huo wa maneno ambao Kirusi hakina.

Januari 1701 amri ikatoka: iundwe Moscow shule ya hesabu na urambazaji.

Nahodha Mkavu

Ngoja kwanza. Shule ya unahodha MOSCOW? Hapo bahari iko wapi?

Mwalimu wa Chaki

Hamna. Bahari iko mamia ya kilomita. Lakini 1701 Peter hakuwa na mahali pengine, Petersburg yenyewe ilianza kujengwa 1703. Shule ilianzia kwenye majengo ya karakana ya vitambaa, walimu wakalalamika kwamba pale hawaoni upeo wa macho wa kupimia nyota. Ndipo wakapewa mnara wa Sukharev, mrefu, uko mahali pa juu. Ghorofani kulikuwa na chumba cha kuangalia nyota alichokitumia Jacob Bruce, jenerali wa mizinga mwenye asili ya Uskoti. Watu wa mtaani waliona taa inawaka juu usiku kucha wakasema huyu ni mchawi, ana kitabu cha majini. Kumbe mzee wa watu anatazama sayari.

Kandambili

Hahaha dunia nzima ni moja. Ukiwasha taa saa nane usiku wewe mchawi.

Mwalimu wa Chaki

Walimu wakuu wa shule walikuwa wageni. Henry Farquharson, msomi kutoka Aberdeen, Peter alimchukua alipokuwa Uingereza. Pamoja naye Stephen Gwyn na Richard Grice, vijana waliotoka shule ya hesabu ya Christ's Hospital, London. Magnitsky aliwekwa kama msaidizi wao, na akapewa kazi ya ziada ya kuandika kitabu cha hesabu kwa lugha ambayo wanafunzi wanaielewa.

Alikiandika chini ya miaka miwili. Januari 1703 kimetoka mtamboni, nakala 2,400. Kurasa zaidi ya 600, kitabu kizito kama tofali. Kinaanza na kuhesabu moja, mbili, tatu, kinapita kwenye sehemu, vipeuo, aljebra, jiometri, trigonometria, mpaka unajimu wa baharini. Yaani kijana asiyejua kujumlisha anaingia mlango wa mbele, anatokea mlango wa nyuma akiwa anajua kuongoza meli.

Picha ya mwanzoni nawaelezea kwa sababu naipenda. Kuna jumba lenye nguzo. Juu kwenye kiti cha enzi ameketi mwanamke, ndiye Hesabu mwenyewe, mkononi ana ufunguo. Ili umfikie lazima upande ngazi tano: kutaja namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Hakuna lifti.

Halafu mtaniona mzee anatia chumvi, lakini ndani ya kitabu kuna mashairi. Mwalimu anakatiza somo anamtungia mwanafunzi beti za kumtia moyo.

Mpemba wa Mirathi

Assalaam alaikum. Hizo namba aliandika kwa tarakimu zipi? Nasikia Warusi wa zamani walitumia herufi kama abjad.

Mwalimu wa Chaki

Waalaikum salaam sheikh. Swali zito hilo. Ndiyo, walihesabu kwa herufi, wakiweka alama juu ya herufi kuonyesha kwamba hiyo ni namba. Jaribu kuzidisha kwa herufi uone kazi yake! Magnitsky hesabu zote kaziandika kwa tarakimu hizi hizi za leo. Ila namba za kurasa zimebaki kwa herufi za zamani. Ukifungua ukurasa mmoja unaona karne mbili zimekaa pamoja.

Na wewe utalipenda hili. Mwaka 1714 Peter aliagiza zifunguliwe shule za hesabu mikoani, na walimu wake wakatoka Moscow, wawili wawili kila mkoa. Ziliitwa shule za *tsifir*. Unalisikia neno hilo?

Mpemba wa Mirathi

Subhanallah. Sifr. Sifuri!

Mwalimu wa Chaki

Ndilo lenyewe. Neno moja la Kiarabu, lilipita Ulaya likafika Moscow kuwa tsifir, likavuka bahari likafika kwetu kuwa sifuri.

Chuma Ulete

Uzi mzuri ila mmechelewa kufika penye nyama. Hizo faini na viboko viko wapi?

Mwalimu wa Chaki

Haya. Wanafunzi walilipwa posho ya chakula. Ndiyo, walilipwa kusoma. Lakini ukikosa darasani unatozwa faini ya rubli kadhaa, na kila siku unayoongeza faini inapanda. Asiye na cha kulipa, mgongo ndio unalipa. Walipohamishia masomo ya juu Petersburg 1715, kwenye Chuo cha Majini, kanuni zikataka kila darasa liwe na askari mstaafu amesimama na mjeledi. Mwanafunzi akileta fujo anachapwa, hata awe mtoto wa nani.

Watoto wa wakubwa walikimbia kama wanakimbia mgambo. Inasimuliwa kwamba kundi moja lilijiandikisha kwenye shule ya dini ili kukwepa urambazaji. Peter akawakamata akawapeleka Petersburg kupigilia magogo kwenye matope ya mto Moika. Admirali Apraksin akapita, akawaona. Akavua koti lake la kijeshi lenye nishani, akalitundika kwenye mti, akashika nyundo akaanza kupigilia nao. Peter akamuuliza admirali mzima unafanya nini, akajibiwa: wanaopigilia ni watoto na wajukuu wa ndugu zangu, mimi ni nani nisipigilie?

Na ile amri ya 1714 ilikuwa na kifungu kikali kuliko mjeledi. Mtoto wa mkubwa asiye na cheti cha hesabu, padri asimfungishe ndoa.

Kandambili

HAPO SASA. Yaani bila jedwali la kuzidisha huoi? Mimi ningezeeka bachela.

Binti Jedwali

Tena wangeirudisha tu hiyo. 😂

Chuma Ulete

Na hao Waingereza waliishije na huyo msaidizi wao Mrusi?

Mwalimu wa Chaki

Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Msimamizi wa shule alikuwa Aleksei Kurbatov, na taarifa zake alizipeleka kwa Fyodor Golovin, mkubwa wa serikali aliyekuwa na dhamana ya shule. Kwenye taarifa ya mwaka 1703 anaeleza mambo ambayo mwalimu yeyote aliyewahi kukaa ofisi ya walimu atayatambua. Wageni wanafundisha, lakini wakinogewa na starehe wanalala mpaka mchana. Magnitsky haondoki shuleni, anahangaika na masomo na tabia za vijana. Wageni wakaona huyu msaidizi ndiye anaendesha shule, wakamchukia. Wakamkasirikia mara kwa mara mpaka mwenyewe akaomba aachiwe aondoke.

Fikiria hilo. Kitabu kimetoka mwaka uleule, tsar mwenyewe ndiye aliyempa jina, na bado mtu anaomba kuacha kazi kwa sababu ya maneno ya ofisini.

Kurbatov hakumwachia. Na akaongeza jambo ambalo mimi lilinichoma zaidi. Anasema wale wageni, mwanafunzi akiwa mwepesi wa kuelewa wanamgombeza, wanamwambia asubiri wenzake wa nyuma. Halafu anatoa hukumu yake: Farquharson ni msomi kweli, lakini wale wawili, ingawa wameandikwa mabaharia, kwa elimu hawajamfikia Leonty.

Nahodha Mkavu

Mwalimu kwa heshima zote, nitakupinga kidogo. Hiyo ni taarifa ya upande mmoja. Farquharson naye alikuwa na lake. Aliahidiwa pauni 50 kwa kila mwanafunzi atakayehitimu, na hakulipwa. John Perry, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi kwa Peter, aliyaandika hayo kwenye kitabu chake cha 1716. Mtu umetolewa Aberdeen, baridi, lugha hujui, mshahara wa kufukuzia, unategemea aamke saa kumi na mbili? Na Grice aliuawa na majambazi mitaani Moscow 1709. Hawakuja kula bata wale.

Mwalimu wa Chaki

Nahodha umesema kweli, napokea. Farquharson namheshimu, alibaki Urusi maisha yake yote akichora ramani na kufasiri vitabu. Na tena yeye na Gwyn na Magnitsky walitoa pamoja majedwali ya logi mwaka huohuo wa 1703, kwa hiyo kuna siku walikaa meza moja wakafanya kazi. Ila kwa wale vijana wawili kulala mpaka mchana, sijabadilisha msimamo.

Chaki Nyekundu

Kama tumeamua kusema ukweli basi tuseme wote. Msimtakatifuze huyo Leonty wenu. Mmesikia kesi ya Tveritinov?

Mwalimu wa Chaki

Nilijua kuna mtu atafika hapo. Tiririka.

Chaki Nyekundu

Dmitry Tveritinov alikuwa mganga Moscow, kichwani ana mawazo ya Kilutheri: hakubali ikoni, zile picha takatifu za kanisani, hakubali kuomba watakatifu. Alikuwa anajadiliana na watu waziwazi. Magnitsky, mtu wa kanisa kweli kweli, akabishana naye kwenye mikutano ya majumbani, halafu akaandika yote yaliyosemwa. Maandishi hayo yakaingia kwenye kesi iliyoanza 1713. Mwaka 1714 Foma Ivanov, kinyozi, ndugu yake Tveritinov, akiwa kizuizini katika monasteri ya Chudov alishambulia ikoni kwa kisu, akachomwa moto hadharani Moscow. Tveritinov mwenyewe aliponea chupuchupu. Sasa huyo anayewatungia wanafunzi beti za kuwatia moyo, ndiye aliyekuwa anaandika majirani zake.

Mpemba wa Mirathi

Duh.

Binti Jedwali

Kwa hiyo msomi wa namba asiyevumilia maswali ya dini?

Mwalimu wa Chaki

Sina cha kumtetea, binti yangu. Mtu aliyelelewa na watawa, aliyeokotwa na monasteri kutoka kwenye mkokoteni, kanisa kwake halikuwa jengo. Lakini kinyozi alichomwa. Siwezi kuliweka hilo pembeni nikaendelea kumsifia kwa sauti ileile.

Nitaeleza kilichofuata kwa ufupi. Farquharson alipohamia Petersburg na wanafunzi wa juu, shule ya Moscow ilibaki kwa Magnitsky. Kuanzia 1716 ndiye mkuu wake, na alikaa hapo mpaka anakufa Oktoba 1739. Miaka 38 kwenye shule moja. Farquharson naye alifariki Desemba mwaka huohuo. Shule ikafungwa 1752.

Wanafunzi? Semyon Chelyuskin aliingia 1714. Mwaka 1742 alifika kwa sleji zinazovutwa na mbwa kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya bara zima la Asia, na ncha hiyo leo inaitwa kwa jina lake. Aleksei Chirikov naye alianzia Moscow kabla ya kuhamishiwa Petersburg, na Julai 1741 aliiona pwani ya Amerika akitokea Asia. Nahodha Mkavu, umeridhika? Shule isiyo na bahari hiyo.

Nahodha Mkavu

Nimesalimu amri.

Kandambili

Na Lomonosov? Ulisema utarudi.

Mwalimu wa Chaki

Lomonosov akiwa kijana kule kaskazini alipata vitabu viwili kwa jirani: sarufi ya Smotritsky na hesabu ya Magnitsky. Baadaye aliviita malango ya elimu yake. Kati ya nakala 2,400, moja ilisafiri mpaka kwa wavuvi wa Bahari Nyeupe, ikamkuta mtoto mwingine wa samaki.

Kandambili

Aisee.

Chuma Ulete

Sasa tupe hesabu zenyewe tuone kama kweli alikuwa fundi.

Mwalimu wa Chaki

Moja ya biashara. Mtu kauza farasi rubli 156, mnunuzi anajuta, anasema ghali. Muuzaji anamwambia sawa, nilipe misumari ya kwato tu, farasi nakupa bure. Kwato nne, kila moja misumari 6. Msumari wa kwanza robo ya kopeki, wa pili mara mbili yake, wa tatu mara mbili tena, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mnunuzi kachekelea, kadhani hata rubli 10 haifiki. (Rubli moja ni kopeki 100.)

Ya pili ya shuleni. Baba anamuuliza mwalimu una wanafunzi wangapi, nataka kumleta mwanangu. Mwalimu anajibu: wakija wengine idadi ileile niliyonayo, na nusu yake, na robo yake, na mwanao, watatimia 100.

Ya tatu ya nyumbani. Mume anamaliza pipa la kvass kwa siku 14. (Kvass ni kinywaji cha mkate mweusi uliochachuka kidogo, fikirieni togwa.) Akinywa na mkewe wanalimaliza kwa siku 10. Mke peke yake atatumia siku ngapi?

Binti Jedwali

Wanafunzi 36. 36 na 36 ni 72, na 18 ni 90, na 9 ni 99, na mtoto mmoja.

Mwalimu wa Chaki

Safi. Ila Magnitsky hakutumia x. Alitumia alichokiita kanuni ya uongo. Bahatisha 24: unapata 67, umepungukiwa 33. Bahatisha tena 32: unapata 89, umepungukiwa 11. Sasa zidisha kwa mkingamo: 32 mara 33 ni 1,056, na 24 mara 11 ni 264. Toa, unabaki na 792. Gawanya kwa tofauti ya 33 na 11, yaani 22. Unapata 36. Umekosea mara mbili, umepatia.

Mpemba wa Mirathi

Hiyo kwa Kiarabu ni hisabu ya makosa mawili, al-khata'ayn. Walikuwa nayo wanahesabu wa Kiislamu karne nyingi kabla ya huyo tsar. Inafuatana na sifuri yake tu.

Chuma Ulete

Misumari nimepiga kwa kikokotoo cha simu. Misumari 24, robo za kopeki 16,777,215. Sawa na rubli 41,943 na kopeki tatu na ushee. Nimerudia mara tatu. Huyo mnunuzi ni mimi siku niliyonunua pikipiki kwa mkopo.

Kandambili

😂😂 Pole mkuu. Ya togwa mimi nasema siku 4. 14 kutoa 10.

Binti Jedwali

Kandambili, yaani mume na mke pamoja siku 10, halafu mke peke yake siku 4? Akisaidiwa ndio anachelewa?

Kandambili

Labda wakiwa wawili wanapiga soga.

Mwalimu wa Chaki

Kandambili, nenda ngazi ya tano ukaanze na kugawanya. Usiku mwema wote. Jibu natoa kesho saa mbili, asiyepata haoi.